Protini ya CRP na Umuhimu wa Kusafishwa Kwake

Mtu anapopata jeraha kubwa au kushambuliwa na bakteria, ini lake huanza kutengeneza kwa wingi protini moja ambayo wakati wa afya huwa haba sana katika damu. Kiasi chake huanza kupanda baada ya saa 6 hivi, hufikia kilele baada ya siku 2, na huweza kuzidi kile cha kawaida mara 1,000. Uvimbe ukitulia hushuka upesi. Ndiyo sababu madaktari huipima ili kutambua uvimbe uliomo mwilini, hata ule usioonekana kwa macho.

Protini hiyo iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York. Waliona kwamba majimaji ya damu ya wagonjwa wa kichomi hunasa kitu cha jamii ya wanga, kilichoitwa C, kitokacho katika bakteria wa ugonjwa huo. Kutokana na herufi hiyo ikaitwa protini inayoitikia C, kwa kifupi CRP.

Njia ya kuisafisha hutumia tabia yake yenyewe. Penye kalsiamu, CRP hushikamana na fosfokolini, ambayo imo pia katika kile kitu C. Basi fosfokolini hufungwa kwenye punje ndogo zilizojazwa katika mrija. Majimaji ya damu yakipitishwa humo, CRP hunaswa, nazo protini nyingine hupita. Kalsiamu ikiondolewa, CRP huachia na kukingwa chomboni. Hutumika kusawazisha vipimo na kwa uchunguzi wa maabara tu, si dawa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachunguzi wengi walitia CRP ya kununuliwa kwenye seli za mishipa ya damu, wakaona zikibadilika. Ikasemwa kwamba protini hiyo ndiyo iharibuyo mishipa na kuleta maradhi ya moyo. Shutuma hiyo ilikuwa nzito kuliko ushahidi wake. Sehemu kubwa ya CRP hiyo ilikuwa imetengenezwa ndani ya bakteria, na aghalabu ilitiwa azidi ya sodiamu, sumu izuiayo kuoza. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba kulegea kwa mishipa kulikodhaniwa kazi ya CRP kulitokana na azidi. Mwaka 2005 Mark Pepys na wenzake wakaonyesha kuwa kilichochochea uvimbe ni mabaki ya bakteria. CRP safi ya binadamu haikuuchochea. Tena, uchunguzi uliotolewa Copenhagen mwaka 2008 haukuona hatari zaidi ya moyo kwa watu waliorithi CRP nyingi.

Azidi huondolewa kwa kutia protini katika mfuko wa utando wenye vitundu vidogo mno, kisha kuuning'iniza katika maji ya chumvi yenye kalsiamu kidogo. Azidi hupenya, CRP hubaki. Sumu ya bakteria haitoki kwa urahisi namna hiyo, hivyo hapana budi ipimwe peke yake kabla ya chupa kufunguliwa kwa kazi.