Mita 43 za Hiroshima

Juni 2015, jumba la sanaa la American University mjini Washington lilifungua maonyesho ya viwambo sita vya Iri na Toshi Maruki, wachoraji wa Kijapani, mume na mke, waliofika Hiroshima siku chache baada ya bomu la atomu la Agosti 6, 1945. Kiwambo hapa ni mchoro wa wino juu ya karatasi, wenye urefu wa mita 7.2 na kimo cha mita 1.8. Vyote viko 15, vilivyochorwa kati ya 1950 na 1982. Sita vikipangwa mstari mmoja vinafika mita 43.2, vyote 15 vingefika mita 108, urefu wa kiwanja cha mpira na ziada kidogo. Waliohudhuria waliona asilimia 40 ya kazi yenyewe.

Kiwambo kimoja kina mita za mraba 12.96. Tuseme kila aliyekufa Hiroshima achorwe kwa ukubwa wa mwili wake, nusu mita ya mraba kwa kila mmoja. Watu 140,000 wangehitaji mita za mraba 70,000, sawa na viwambo 5,401. Kwa mwendo wa viwambo 15 katika miaka 32, kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka 11,500. Nusu mita hiyo ni makisio yangu, na wachoraji hawakuwa na mwendo mmoja: vitatu vya kwanza ni vya 1950 pekee. Hata ukipunguza makisio mara kumi, unabaki na zaidi ya karne kumi na moja.

Hiyo 140,000 nayo si hesabu ya vichwa. Ni makadirio ya vifo hadi mwisho wa 1945, yenye uwezekano wa kuzidi au kupungua kwa 10,000, yaani asilimia 7 kila upande. Daftari nyingi za wakazi ziliungua pamoja na wakazi wenyewe. Ripoti ya jeshi la Marekani ya 1946 ilitaja vifo 66,000, asilimia 47 tu ya makadirio hayo. Tofauti ni watu 74,000, na kwa sadfa idadi hiyo inakaribiana sana na ile inayotajwa kwa vifo vya Nagasaki, mji uliopigwa bomu la pili. Kwa hiyo ukisoma idadi ya vifo kwenye kibao cha maonyesho yoyote, tazama kwanza imehesabiwa na nani na hadi tarehe gani.

Nafasi ukutani haikugawanywa kwa uwiano wa vifo. Kiwambo cha 13, cha 1971, kinahusu mateka wa kivita Wamarekani waliokufa Hiroshima. Wanaotambuliwa ni 12. Cha 14, cha 1972, kinahusu Wakorea; mnara wao wa kumbukumbu mjini humo unataja zaidi ya 20,000. Kila kundi limepata kiwambo kimoja, asilimia 6.7 ya kazi nzima. Kwa vifo, Wakorea ni kama asilimia 14 ya 140,000, na mateka hao hawafiki asilimia 0.01. Mtakwimu angeona kasoro hapo. Mimi naona uamuzi: wachoraji Wajapani walitoa ukuta kwa watu ambao taifa lao halikuwa na hamu ya kuwahesabu.

Mjini humohumo Washington, maonyesho mengine yalikuwa yamekwama kwa sababu ya tarakimu. Januari 1995, taasisi ya makumbusho ya Smithsonian ilifuta maonyesho iliyoyapanga kuhusu Enola Gay, ndege iliyodondosha bomu. Mgogoro ulikuwa na sababu kadhaa, lakini kilichozidisha moto ni makadirio ya vifo na majeruhi wa Kimarekani endapo Japani ingevamiwa. Mwaka 1947 Henry Stimson, aliyekuwa waziri wa vita, alitaja zaidi ya milioni moja. Martin Harwit, mkurugenzi wa jumba la ndege na anga la Smithsonian, alitaka kuandika 63,000, kama asilimia 6 ya hiyo. Tarakimu hizo mbili hazilinganishiki: ya Harwit iliegemea hatua ya kwanza, kisiwa cha Kyushu, na ya Stimson vita vyote vilivyobaki. Smithsonian inategemea zaidi fedha za serikali, na wabunge walikuwa wakali. American University, chuo binafsi, kilifungua maonyesho yake kuhusu bomu hilo mwaka huohuo.

Gharama ya bomu inajulikana vizuri zaidi. Mradi wa Manhattan, uliotengeneza mabomu hayo, ulitumia karibu dola bilioni 2 hadi 1945. Kwa kufuata mfumuko wa bei, hizo ni kama bilioni 26 za mwaka 2015. Na kwa Sh2,600 za Tanzania kwa dola, ni Sh67.6 trilioni. Bajeti ya Serikali ya Tanzania ya 2025/26 ni Sh56.49 trilioni. Ulinganisho huu unachanganya miaka, basi uchukuliwe kama kipimo cha ukubwa tu. Ukigawa Sh67.6 trilioni hizo kwa vifo 214,000 vya miji yote miwili, unapata takriban Sh316 milioni kwa kila aliyekufa, tarakimu ambayo nisingeitundika popote: viwanda vilivyojengwa viliendelea kutengeneza malighafi ya mabomu mengine.

Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo. Zaidi ya tani 1,100 za mawe ya mgodi huo zilikuwa tayari New York tangu 1940. Bomu la Hiroshima lilibeba kilo 64 za urani, na iliyopasuka haikufika kilo moja. Kati ya viwambo 15, kimoja ni cha wavuvi wa Yaizu waliopatwa na mionzi ya jaribio la bomu la 1954. Cha wachimbaji wa Katanga hakuna. Lubumbashi haifiki kilomita 200 kutoka Shinkolobwe, na, kama Washington, ina chuo kikuu ambacho kingeweza kuandaa maonyesho.