Bustani ya Mboga na Redio ya Jioni

Ndugu mkulima, nataka kukuuliza neno moja, nawe usinikasirikie. Mboga utakayokula jioni ya leo imetoka wapi? Una ekari tano, pengine kumi. Una ng'ombe wa maziwa, una viazi, na ikiwa wakaa huku kwetu Kinangop labda una kabeji zinazopakiwa kwenye lori kwenda Nairobi. Walakini jioni mtoto anatumwa dukani na shilingi ishirini mkononi akalete sukumawiki. Usinione mtovu wa adabu. Mimi ninayeuliza nilifanya hivyo miaka mingi, na mwaka mmoja nilifanya vibaya zaidi, kama nitakavyoeleza.

Desturi hii ina asili yake. Wazee wetu walipopata mashamba haya katika mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka wa 1962, walichukua ardhi kwa mkopo. Kila kipande kilitakiwa kuzaa kitu cha kuuzwa ili deni lilipwe: maziwa, pareto, viazi. Mboga ya nyumbani ilipewa pale palipobaki, na aghalabu pale palikuwa pamekwisha chakurwa na kuku. Wengi wa wazee hao wamekwisha kutuachia mashamba, lakini desturi ile tumeirithi pamoja na ardhi.

Mimi nilisomea ualimu, na sasa ni karani katika ofisi ya kilimo. Mchana kutwa nahesabu fomu na kujibu barua. Marehemu baba yangu aliniachia ekari mbili na redio moja ya mawimbi mafupi, yenye sindano inayozungushwa kwa mkono. Ukweli ni kwamba niliipenda redio kuliko zile ekari. Baba alipenda nyimbo za Fundi Konde, Fadhili William na Daudi Kabaka, tena aliziimba nyimbo za Kilingala toka mwanzo hata mwisho bila kujua neno moja la Kilingala. Vijana wa siku zile walikuwa hivyo. Bendi ya OK Jazz iliundwa mwezi wa Juni 1956 kule Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, na vituo vya Léopoldville na Brazzaville vilikuwa na nguvu nyingi katika mawimbi mafupi. Mtu aliyekuwa na redio na uzi wa waya juu ya mti aliweza kulisikia gitaa la Kongo akiwa kwake Kenya, usiku baada ya kukamua ng'ombe.

Basi mwaka ule ninaousema, mwisho wa mwezi wa Machi, redio yangu ilinyamaza. Kulikuwa na kituo kimoja cha Ulaya ambacho kila jioni kilipiga muziki wa Kiafrika kwa nusu saa, nami nilikijua mahali pake kwa kidole, hata gizani. Jumatatu moja nilizungusha sindano nikasikia mvumo mtupu. Jumanne vivyo hivyo. Nikasema redio imekufa. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, majirani wapo mashambani, na bibi yangu alikuwa ameniachia pesa za mbegu za mboga. Nikaichukua redio na pesa zile nikaenda kwa fundi mjini. Fundi aliifungua, akapangusa vumbi, akaniambia haina ugonjwa wowote. Alitaka malipo ya kazi yake, na ilikuwa haki yake. Nilirudi tena Jumamosi ya pili kwa sababu sikumwamini. Kwa hiyo pesa za mbegu zilikwisha, na siku nzuri za kupanda zikapita. Mwezi wa Juni tulikuwa tungali tunanunua mboga kila jioni, na mvua ilikuwa inakatika.

Bibi yangu si mtu wa kelele. Usiku mmoja alinitengea ugali peke yake katika sahani, na kando ya sahani akaiweka ile redio. Akasema, "Baba watoto, karibu. Leo mboga ni hiyo." Watoto walicheka. Mimi sikucheka.

Nilikuja kujua baadaye ya kuwa redio ilikuwa nzima kabisa. Vituo vinavyotangaza nchi za mbali kwa mawimbi mafupi hubadili ratiba zao mara mbili kwa mwaka, yaani Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Huko Ulaya Machi ni mwanzo wa majira ya kuchipua, siku zinarefuka, na saa zinasogezwa mbele. Kwa hiyo kituo huweza kuhama mahali pake, au kikaja saa nyingine. Nawe tazama jinsi tarehe hiyo inavyotuangukia sisi: ni wakati ule ule mvua ndefu zinapoanza. Mkulima anayependa redio huvutwa huku na huku katika juma lile lile moja.

Tena bwana wa mambo yote mawili ni jua. Mawimbi mafupi husafiri mbali kwa sababu huko juu sana angani kuna tabaka ya hewa iliyoguswa na nguvu za jua, nayo huyarudisha mawimbi chini kama ukuta unavyorudisha mpira. Mchana, tabaka nyingine ya chini yake huyameza mawimbi ya bendi ndefu kidogo, kama ile ya mita 49. Jua likizama tabaka hiyo ya chini hutoweka upesi, na bendi hizo hufunguka. Ndiyo sababu mchana yafaa kutafuta katika mita 16 na 19, na usiku katika mita 31, 41 na 49. Saa ya magharibi, huku kwetu karibu saa 12:30 mwaka mzima, ndiyo saa ya kusikiliza kwa makini, maana bendi za mchana hazijafungwa na za usiku zinaanza kusikika.

Sasa turudi bustanini. Baada ya mambo ya sahani, bibi aliifukuza redio nyumbani. Alisema ikakae mahali penye kazi. Niliitundika katika nguzo ya ua wa bustani nikiwa na hasira kidogo, nikaifungua, na hapo nikapata ajabu. Ule mvumo uliokuwa ukinisumbua nyumbani haukuwapo. Sababu ni kwamba chaja za simu, taa za LED za bei nafuu na vyombo vya sola hutoa kelele za umeme zinazoingia katika mawimbi mafupi. Ukienda hatua ishirini au thelathini kutoka kwenye ukuta wa nyumba, kelele hupungua sana. Miaka yote nilikuwa nimekaa kitini ndani nikisikiliza chaja ya simu yangu mwenyewe!

Kwa hiyo nilianza kufanya kazi ya bustani ili nisikilize redio. Sioni haya kusema hivyo. Bustani yetu ni hatua kumi kwa sita, karibu na jiko, ili maji yaliyooshea mboga yamwagwe humo wakati wa kiangazi. Jambo la kwanza ni ua imara, kwa sababu kuku hawana huruma. La pili ni kitalu, nacho usikingojee mvua. Sia mbegu za sukumawiki katikati ya Februari, wakati bado kukavu, ili miche iwe tayari mvua itakaposhika. Nunua pakiti yenye stika ya KEPHIS, uikwangue na kuihakikisha kwa simu kama stika inavyoeleza. Fanya tuta lenye upana wa mita moja, uchore mistari iliyoachana sentimita 15, usie mbegu chache chache, kwa kina cha sentimita moja tu. Funika kwa nyasi kavu na kumwagilia asubuhi na jioni. Mbegu zikichipua ondoa nyasi siku hiyo hiyo, uweke kivuli chepesi juu ya vijiti. Juma moja kabla ya kuhamisha, punguza maji na kivuli, ili miche izoee taabu.

Miche huwa tayari baada ya majuma manne hadi sita. Chimba mashimo yaliyoachana sentimita 60 kwa 45, na katika kila shimo tia makonzi mawili ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi; nimeiona katika shamba la jirani, na zamani katika langu. Usipande sukumawiki pale palipokuwa na kabeji msimu uliopita, kwa kuwa mimea hii ni ndugu na maradhi yao ni mamoja. Hapo weka maharagwe, vitunguu au karoti. Usisahau mboga zetu za kienyeji, managu na terere, ambazo hazihitaji kubembelezwa.

Kuhamisha miche yafaa kufanywe jioni, jua likiwa limepoa, ili mche upate usiku mzima wa kupumzika. Nawe umekwisha kuona kwamba saa hiyo ndiyo saa ya redio.

Ziko kazi nyingine za gizani. Msimu wetu wa kwanza niliamka asubuhi nikakuta miche kumi na mmoja imelala chini, imekatwa pale shina linapogusana na udongo, kama kwa mkasi. Wenye kazi hiyo ni viwavi wanaokata miche. Mchana hujificha udongoni, na usiku hupanda kula. Dawa niliyoitumia ni tochi. Kati ya saa 1:30 na saa 2 usiku nilipita mstari kwa mstari nikiwaokota kwa mkono na kuwatia katika kopo la maji yenye sabuni, huku muziki ukiendelea nguzoni. Asubuhi, penye mche uliokatwa, ukichakura udongo kwa kidole aghalabu utamkuta mwenyewe amejikunja hapo hapo. Baada ya majuma mawili sikupoteza mche tena.

Kuhusu waya wa kunasia mawimbi: mita kumi za waya wa kawaida zatosha. Funga ncha moja kwenye mti kwa kamba ya nailoni, na ncha ya pili ibanwe kwenye antena ya redio. Usiupitishe kamwe karibu na nyaya za stima. Tena mvua ndefu huja na radi, kwa hiyo wingu likianza kunguruma toa waya kwenye redio, uingie ndani, wala usisimame chini ya mti ule. Wa kwangu nimeushusha chini upande wa ua, na bibi alipanda minji chini yake bila kuniuliza. Minji imeupanda waya wote. Redio yasikika vile vile, nasi tunakula minji. Betri zilizokwisha usizitupe katika matuta, kwa maana huvuja sumu.

Nisikudanganye, vituo si vingi kama siku za baba. Vingi vimefungwa, na vingine vimehamia FM na simu. Lakini bado viko vya kutafuta. Kwa miaka mingi kituo cha Zanzibar kimekuwa kikisikika katika 11735 kHz, bendi ya mita 25, na humo nimeipata taarab, muziki ambao Siti binti Saad aliutia katika santuri kule Bombay mwaka wa 1928. Kuna jioni nilisikia zeze na ngoma za Unguja nikiwa nimepiga magoti katika samadi ya Kinangop, baridi inauma masikio, nikasahau kuondoka hata nikaitwa mara tatu.

Siku hizi pesa za betri hazitoki katika maziwa wala katika mshahara. Zatoka katika mafungu ya sukumawiki ambayo bibi huwauzia walimu wa shule iliyo karibu, naye ndiye mwenye kuyaandika katika daftari. Ukutani tuna kalenda yenye alama mbili alizozitia kwa kalamu nyekundu: katikati ya Februari, kitalu, Jumapili ya mwisho ya Machi, redio itahama. Mwaka huu kituo changu kilipotea tena siku hiyo. Nilikitafuta polepole jioni tatu, nikihamisha miche, na jioni ya tatu nikakipata katika bendi ya mita 31, kikiwa katikati ya wimbo.