Usitupe Manyoya ya Jogoo

Ndugu msomaji, jogoo akichinjwa nyumbani kwako, manyoya ya shingo yake huenda wapi? Bila shaka jalalani. Lakini wako watu ulimwenguni wanaoyanunua kwa bei kubwa, tena huyachagua moja moja, maana kwa manyoya hayo huvua samaki.

Uvuvi wenyewe ni huu. Mvuvi hatumii nyungunyungu. Huzungushia ndoana ndogo uzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu, kisha huitupa mtoni. Samaki hudhani ni nzi aliyeanguka majini, naye humdaka. Kwa kuwa nzi huyu wa bandia ni mwepesi mno, hawezi kutupwa mbali. Basi mshipi ndio uliofanywa mzito. Mvuvi huurusha nyuma kwa ufito mrefu, hungoja unyooke hewani, ndipo huupeleka mbele. Asiyejua kungoja huvua majani ya miti iliyo nyuma yake!

Ufundi huu si wa jana. Aelian, mwandishi wa Roma ya kale, yapata miaka 1,800 iliyopita, aliandika habari za wavuvi wa Makedonia waliofunga ndoana kwa sufu nyekundu na manyoya mawili ya jogoo. Huku kwetu Afrika Mashariki ulikuja pamoja na samaki aitwaye trauti. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Uskoti, na watoto wao wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare, Kenya. Baadaye trauti wakapelekwa pia katika mito ya baridi ya Kilimanjaro na ya Mbeya. Siku zile ilikuwa starehe ya walowezi. Lakini mikono ya wenyeji ikajifunza kufunga nzi, na leo nzi waliofungwa Kenya, wengi wao na akina mama, huuzwa Ulaya na Marekani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu tamu ya habari hii, kwani anayepata shilingi si lazima awe na mto mlangoni pake.

Kazi yenyewe yataka jicho na subira kuliko fedha. Ndoana hubanwa katika jiliwa dogo. Asiye nalo hutumia koleo, mipini yake ikikazwa kwa mpira wa baiskeli. Zungusha uzi kutoka penye tundu la ndoana mpaka inapoanza kupinda. Hapo funga nywele chache za unyoya ziwe mkia. Viringisha sufu iwe tumbo, jembamba nyuma, nene mbele. Mwisho unyoya mmoja wa shingo huzungushwa karibu na kichwa ili nywele zake zisimame pande zote kama miguu ya mdudu. Kaza fundo, tia tone la vanishi. Uzi usiokazwa vema hufumuka kwa samaki wa kwanza.

Tazama tofauti hii: manyoya ya jogoo ni magumu, humfanya nzi aelee. Ya kuku jike ni laini, hulowa upesi, na nzi huzama. Wote wawili wana kazi, maana samaki hula juu na hula chini. Mvuvi mwerevu hainui ufito kabla ya kutazama. Hugeuza mawe ya mtoni aone mabuu yaliyoshikamana chini yake. Hutazama wadudu gani wanaruka jioni ile. Ndipo huchagua nzi. Watoto waliozaliwa milimani kama hapa kwetu Mgwashi wangeshinda wengi katika jambo hili, kwa kuwa wamekulia kando ya vijito.

Nalo liko jambo zito. Wako watu wanaotwanga utupa na kuumwaga mtoni. Samaki wote huelea, wakubwa kwa wadogo, pamoja na wale ambao wangekuja kuvuliwa na wanao mwaka kesho. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu hiyo. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Miti ya ukingoni huyapa maji kivuli na kuwaangusha wadudu majini. Ikikatwa, maji hupata joto na samaki hukosa chakula.

Wewe unayetaka kujaribu, muulize kwanza afisa uvuvi habari za leseni. Nunua ndoana namba 12, nawe ujue kwamba namba ikizidi, ndoana hupungua ukubwa. Anza na unyoya mweusi wa jogoo na uzi mweusi, bila mapambo. Nenda jioni, jua likiwa limeshuka, utembee ukielekea mto utokako, kwa sababu samaki huelekeza kichwa huko na hatakuona ukija nyuma yake.