Chepngetich amefungiwa, rekodi yake imebaki: Shabiki aichukulieje?

Ruth Chepngetich wa Kenya amefungiwa miaka 3 kwa kukutwa na dawa iliyokatazwa michezoni. Lakini rekodi yake ya dunia ya marathoni bado ipo kitabuni. Kwa shabiki wa riadha wa Masasi au Newala swali ni moja tu: inakuwaje?

Rekodi yenyewe

Jumapili ya Oktoba 13, 2024, jijini Chicago, Chepngetich alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 2:09:56. Akawa mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Rekodi ya awali ilikuwa 2:11:53 ya Tigst Assefa wa Ethiopia, kwa hiyo aliipunguza kwa karibu dakika 2 nzima.

Rekodi hiyo aliitoa kwa marehemu Kelvin Kiptum, mwenye rekodi ya wanaume wakati huo, aliyefariki kwa ajali ya gari Februari mwaka huohuo. Ilikuwa furaha ya Afrika Mashariki. Ila minong'ono nayo haikuchelewa.

Alinaswaje?

Machi 14, 2025 alichukuliwa sampuli ya mkojo. Ikakutwa na haidroklorothiazidi, ile dawa ya kukojoza wanayopewa wagonjwa wengi wa presha. Kiasi kilikuwa nanogramu 3,800 kwa mililita, wakati ukomo ni 20. Hiyo ni mara 190.

Dawa hii haimpi mtu mbio. Imekatazwa kwa sababu inaongeza mkojo, na mkojo ukiwa mwingi, dawa nyingine inaweza kujificha humo isionekane.

Chepngetich alijitetea kwamba aliugua, akameza dawa ya msaidizi wake wa nyumbani. Utetezi huo haukumwokoa. Alichofaidika nacho ni kukubali kosa mapema: miaka 4 ikawa 3. Adhabu ilitangazwa Oktoba 2025 na Kitengo cha Uadilifu wa Riadha.

Kwa nini rekodi haijafutwa?

Kanuni inasema matokeo yanafutwa kuanzia siku sampuli ilipochukuliwa. Kurudi nyuma zaidi ya hapo kunahitaji ushahidi.

Wakulima wa korosho hili watalielewa haraka. Ghalani wakichoma gunia lako kwa bambo wakakuta kokoto, gunia hilo linakataliwa. Lakini mzigo wa msimu uliopita, uliokwisha kupita mnadani, hauwezi kuitwa mchafu kwa sababu ya hili la leo. Watu watakutilia shaka, sawa. Ila shaka siyo kokoto.

Ushahidi ukipatikana, mambo yanageuka. Rita Jeptoo, Mkenya pia, alinaswa Septemba 2014. Mwaka 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilifuta matokeo yake kuanzia Aprili 17, 2014, na ushindi wake wa Boston ukaondoka. Nafasi ya kwanza akapewa Buzunesh Deba wa Ethiopia, aliyekuwa wa pili. Alipewa, ndiyo, lakini siku ya kukata utepe na kushangiliwa ilishapita.

Kisa cha Asbel Kiprop kinachanganya zaidi. Dhahabu yake ya mita 1,500 ya Olimpiki ya Beijing 2008 aliipata baada ya Rashid Ramzi wa Bahrain kunaswa. Miaka ikapita, Kiprop naye akanaswa, akafungiwa miaka 4. Dhahabu ya Beijing bado ni yake.

Basi tushangilie au tuache?

Rahisi ni kusema "wote wanatumia". Ni rahisi, lakini siyo haki. Septemba 15, 2025 Alphonce Simbu alitupa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, jijini Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda uleule, 2:09:48, ikabidi picha iamue. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03. Ukisema wote wanatumia, umemtupa na Simbu kwenye kapu hilohilo bila kosa lolote.

Rahisi nyingine ni kufumba macho kwa sababu ni jirani yetu. Nayo haifai. Anayeumia dawa zikiachwa ni mkimbiaji safi, na huyo anaweza kuwa kijana wa Newala anayepandisha milima asubuhi bila viatu vya maana.

Mimi nimeamua hivi: 2:09:56 naitambua kama rekodi, kwa sababu hakuna aliyethibitisha vinginevyo. Ila siapi kwayo, na simpimi nayo binti yeyote anayeanza kukimbia leo.

Kumbuka pia kwamba kesi ya dawa inaweza kufunguliwa hadi miaka 10 baada ya tukio, na sampuli zilizohifadhiwa zinaweza kupimwa upya. Kwa mbio za Chicago, hiyo ni hadi Oktoba 2034.