Utendaji wa Urokinase katika Uvimbe wa Saratani ya Tumbo na Uhusiano Wake na Mwelekeo wa Mgonjwa

Saratani ya tumbo huua hasa kwa kusambaa. Seli zake huanzia kwenye utando wa ndani wa tumbo, na ili kuifikia mishipa ya damu na ya limfu hulazimika kupenya tabaka la protini lililo chini ya utando huo. Mojawapo ya vimeng'enya vinavyowezesha upenyaji huo ni urokinase. Urokinase hugeuza plazminojeni kuwa plazmini. Plazmini nayo huyeyusha faibrini, huvunja laminini na kuamsha vimeng'enya vingine vya jamii ya metaloproteinasi. Kwa hiyo kiasi kidogo cha urokinase huweza kuzaa ubomoaji mkubwa.

Mwili una kizuizi cha urokinase kiitwacho PAI-1. Ingetarajiwa basi kwamba mgonjwa ambaye uvimbe wake una kizuizi hicho kwa wingi angeishi zaidi. Matokeo yaliyochapishwa na watafiti wa Munich, Ujerumani, mwaka 1994 yalikuwa kinyume: miongoni mwa wagonjwa waliotolewa uvimbe wote kwa upasuaji, wingi wa PAI-1 uliambatana na uhai mfupi.

Kitendawili hiki hufumbuka PAI-1 isipochukuliwa kuwa breki tu. Protini hiyo hushikamana pia na vitronektini, hivyo huweza kuiachanisha seli na mahali ilipojishikiza, na huchangia uotaji wa mishipa midogo ya damu ndani ya uvimbe. Aidha, wingi wake huashiria kwamba mfumo mzima wa urokinase umeamshwa.

Hata hivyo, neno "utendaji" hutumiwa kwa ulegevu katika maandishi mengi ya uwanja huu. Kipimo cha ELISA hupima kiasi cha protini, ikiwemo urokinase ambayo tayari imefungwa na kizuizi chake na haifanyi kazi tena. Kiasi si utendaji, na tafiti zinazovichanganya haziwezi kulinganishwa.

Lipo pia tatizo la sampuli. Kipimo hicho huhitaji tishu mbichi au iliyogandishwa, ilhali maabara nyingi za patholojia huhifadhi tishu katika fomalini na nta. Kwa saratani ya matiti, urokinase na PAI-1 ziliingizwa katika mwongozo wa madaktari wa saratani wa Marekani mwaka 2007. Kwa saratani ya tumbo, mwelekeo wa mgonjwa bado hukadiriwa kwanza kwa kina cha uvimbe na idadi ya tezi za limfu zilizovamiwa.