Kutoa Akiba Katika Chama

Katika wilaya yetu ya Rungwe fedha haziji kila siku. Mkulima wa chai hungoja malipo ya mwezi, mwenye parachichi hungoja msimu, na mwenye ndizi au viazi hungoja siku ya soko. Lakini maradhi na misiba havingoji msimu, wala upepo uezuao mabati hauulizi kama chai imelipwa. Kwa sababu hiyo watu wengi wa Tukuyu na vijiji vyake wameweka fedha zao katika vyama vya akiba na mikopo, yaani SACCOS.

Kuweka fedha ni jambo rahisi, na tangu tulipokuwa wadogo tumeambiwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kutoa ndiko kusikoelezwa. Nia yangu ni kuwaeleza wenzangu jinsi akiba inavyotoka katika chama, na kwa nini mara nyingine haitoki siku ile ile mwenyewe anapoitaka. Katika nyumba nyingi sisi ndio tunaosomea wazee barua na vitabu vya akiba. Basi yafaa tujue tunachokisoma.

Fedha ziko wapi?

Hapa shuleni tunamkabidhi mwalimu wa bweni fedha zetu za matumizi. Yeye huzifungia sandukuni na kuandika jina na kiasi katika daftari. Ukitaka shilingi elfu mbili za sabuni Jumamosi, unakwenda, unatia sahihi, unapewa. Fedha hazikutoka mahali pale zilipowekwa, wala hazikuzaa.

Watu wengi hudhani kwamba chama nacho ni sanduku la namna hiyo, bali kubwa zaidi. Sivyo. Chama huchukua akiba ya mmoja na kumkopesha mwingine, naye hulipa pamoja na riba. Riba hiyo ndiyo hulipa karani na kodi ya ofisi, na inayobaki huwa faida ya wanachama. Fedha zikikaa sandukuni tu, hakuna mkopo, hakuna faida, wala hakuna chama.

Tufanye hesabu ya mfano. Wanachama 100 wameweka kila mmoja shilingi 200,000. Jumla ni shilingi 20,000,000. Chama kimekopesha shilingi 16,000,000 na kubakiza shilingi 4,000,000 kwa ajili ya wanaotaka kutoa. Siku moja wakija wanachama 20 kutoa akiba zao zote, watapata bila shida. Wa 21 atakuta sanduku tupu, ingawa hakuna aliyeiba hata senti moja. Fedha zake ziko katika mabati ya jirani, katika mbolea iliyokwisha kumwagwa shambani, na katika pikipiki ipitayo barabarani. Ikiwa wakopaji hurudisha shilingi 1,000,000 kila mwezi, chama kitaweza kulipa wanachama watano tu kwa mwezi, na wale 80 waliosalia watamalizika baada ya miezi 16.

Hiyo ndiyo sababu ya taarifa. Chama humwambia mtu, “Andika barua, kisha ungoje siku kadha wa kadha.” Siku hizo si adhabu. Ni nafasi ya kungojea marejesho ya wakopaji.

Jambo hili ni la zamani

Mwaka 1775, katika mji wa Birmingham huko Uingereza, Richard Ketley, mwenye nyumba ya wageni iliyoitwa Golden Cross, alianzisha chama cha watu waliotaka kujenga nyumba. Katika vyama vya namna hiyo kila mwanachama alitoa mchango wake, na fedha zilipotosha mmoja alijengewa, kisha mwingine, mpaka wote wakapata nyumba na chama kikavunjwa. Mama zetu wangekitambua mara moja: ni upatu. Katika upatu hakuna swali la kutoa fedha kabla ya wakati. Unangoja zamu yako.

Baadaye, katika karne ya 19, vilizuka vyama vya kudumu, visivyovunjwa. Hivi vilipokea akiba hata za watu wasiotaka nyumba, wakawakopesha wajenzi. Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mjenzi hulipa deni la nyumba kwa miaka 20 au zaidi, lakini mwenye akiba aweza kuja kesho asubuhi na kitabu chake. Chama kimeahidi kumlipa mmoja upesi kwa fedha ambazo mwingine atazirudisha polepole. Mambo huenda vizuri maadamu watu hawaji wote kwa siku moja.

Nchini Kenya walikuja kwa pamoja. Mwaka 1960, baada ya mkutano wa Lancaster House uliofungua njia ya uhuru, wazungu wengi wenye akiba katika vyama vya nyumba waliingiwa na hofu wakataka fedha zao, na vyama hivyo vikapata taabu kubwa. Huko Uingereza kwenyewe, Northern Rock kilikuwa chama cha nyumba mpaka mwaka 1997 kilipogeuka benki. Mwezi wa Septemba 2007 watu walipanga foleni mbele ya milango yake kutoa akiba zao, na foleni hazikwisha mpaka serikali ilipotangaza kwamba itadhamini fedha zote. Mwezi wa Februari 2008 serikali iliichukua benki yenyewe.

Hapa kwetu kulikuwa na Benki ya Nyumba, iliyojulikana sana kwa herufi THB. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1972, nayo ikaanza kazi mwaka 1973. Ilipokea akiba za wananchi na kuwakopesha wajenzi. Lakini mikopo mingi haikurudi, na mwaka 1995 ikafungwa. Northern Rock ilipoanza kukimbiwa, mikopo yake mingi ilikuwa bado yalipwa, ila fedha za mkononi zilipungua. THB fedha zenyewe hazikurudi. Mwenye akiba hana budi kujua tofauti hii, maana chama kinachochelewa si lazima kiwe chama kilichokufa.

Vyumba vitatu vya fedha

Sasa turudi katika SACCOS zetu. Fedha za mwanachama kwa kawaida hukaa katika vyumba vitatu, na kila chumba kina mlango wake.

Cha kwanza ni hisa. Hizi ni sehemu yako ya umiliki wa chama. Hazitolewi kama fedha za kawaida. Ukiondoka, kwa kawaida humwuzia au humhamishia mwanachama mwingine.

Cha pili ni akiba. Hii ndiyo unayoweka kila mwezi, nayo ndiyo kipimo cha mkopo wako. Vyama vingi humruhusu mtu kukopa mpaka mara tatu ya akiba yake. Kwa kuwa imefungwa na mikopo, akiba hii kwa kawaida haitoki mpaka mtu aache uanachama, atoe taarifa, na awe hana deni wala hakumdhamini mwenye deni.

Cha tatu ni amana. Hii huwekwa kwa hiari na yaweza kutolewa kwa urahisi, ama siku yoyote, ama baada ya muda mliopatana.

Ubaya ni kwamba katika mazungumzo ya kila siku vyote vitatu huitwa “fedha zangu za chama”. Siku ya shida ndipo mtu anapogundua kwamba ana vyumba vitatu na ufunguo mmoja.

Mambo yaliyompata bibi yangu

Mwaka jana mjomba wangu alianguka na pikipiki akavunjika mguu, akapelekwa Mbeya hospitali. Zilihitajika shilingi 350,000. Bibi yangu, mkulima wa chai, alikuwa na shilingi 480,000 katika chama kimoja ambacho sitakitaja. Alikwenda asubuhi akiwa na kitabu chake na kitambulisho. Karani akamwambia, “Bibi, leo utapata 80,000. Nyingine andika barua, urudi baada ya siku 60.” Bibi akajibu “Ndaga”, akatoka.

Jioni ile maneno yalienea kijijini kwamba viongozi wamekula fedha. Majirani kadhaa waliapa kwenda kesho yake kutoa zote. Bibi hakuwa na nafasi ya kubishana. Aliuza mtamba wake kwa mtu aliyejua kwamba ana haraka, na bei ilikuwa ya kutupa.

Nilipofika likizo niliomba kusoma kitabu chake. Hisa zilikuwa shilingi 100,000, akiba 300,000, amana 80,000. Kumbe karani alimpa amana yake yote, na katika hilo hakukosea. Kisha nilikwenda naye ofisini, tukasoma masharti yaliyobandikwa ukutani. Katika kifungu kimoja yaliandikwa kwamba mwanachama mwenye ugonjwa au msiba aweza kupata mkopo wa dharura ndani ya siku mbili, kwa dhamana ya akiba yake mwenyewe. Kwa akiba ya 300,000 angeweza kupata 270,000 zilizopungua, na kulipa kidogo kidogo kwa fedha za chai. Riba yake isingefika hata robo ya hasara aliyopata kwa mtamba. Hakuna aliyemwambia. Karani alijibu swali aliloulizwa, yaani kutoa, na bibi hakujua kwamba kuna swali jingine la kuuliza.

Naandika makala hii kwa ajili ya mtamba yule, na kwa ajili ya wengine watakaouzwa hivyo hivyo.

Yafaayo kufanywa

Kwanza, kisomwe kitabu cha kila mzee nyumbani, na mbele ya kila kiasi iandikwe ni hisa, ni akiba, au ni amana.

Pili, yaombwe masharti ya chama kabla ya shida. Maswali ni manne: taarifa ni siku ngapi? Kwa siku moja naweza kutoa kiasi gani? Je, kuna mkopo wa dharura? Nimemdhamini nani? Swali la mwisho ni zito, maana aliyemdhamini jirani amefunga akiba yake kwa kufuli la mwingine.

Tatu, fedha za maradhi ziwekwe katika amana au benki, wala zisichanganywe na zile za kukopea. Hata kidogo kinachotoka leo ni bora kuliko kingi kitokacho baada ya miezi miwili.

Nne, liandikwe jina la mrithi na kuangaliwa mara kwa mara. Mwenye akiba akifa bila mambo kuwa wazi, kutoa fedha huwa safari ndefu: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha Mahakama ya Mwanzo ili ateuliwe msimamizi wa mirathi.

Tano, ijulikane ni nani anayelinda fedha. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano, mojawapo ikiwa benki ya wananchi ya jirani zetu wa Njombe. Wakati ule Bodi ya Bima ya Amana ililipa kila mwenye akiba mpaka shilingi 1,500,000, na tangu mwaka 2023 kiwango ni shilingi 7,500,000. Lakini bima hiyo ni ya benki, si ya SACCOS. SACCOS husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo hutoa leseni. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa chama ni mwanachama anayehudhuria mkutano mkuu na kuuliza ni mikopo mingapi haijalipwa. Jibu likiwa ni dogo, taarifa ya siku 60 isimtie mtu hofu. Likiwa kubwa, au likifichwa, hapo ndipo pa kuogopa.

Wale majirani walioapa kwenda kutoa fedha zote walizuiwa na mzee mmoja aliyewauliza, “Mkizitoa zote, ni nani kati yenu atakayerudisha mkopo wake kesho?” Wote walikuwa na mikopo. Wakanyamaza, na chama kipo mpaka leo.

Akiba haiozi, lakini ina mlango wake na saa yake ya kufunguliwa. Wenzangu, mkifika nyumbani likizo hii, kabla hamjaenda mpirani, ombeni kitabu cha bibi mkisome mpaka ukurasa wa mwisho.