Mama akiombwa kuingia katika majaribio ya tiba ya kansa ya titi

Tuanze na jambo linaloweza kumpata mama yeyote katika familia zetu. Mama ameona uvimbe katika titi. Amekwenda hospitali, amekatwa kipande kidogo cha nyama kikapelekwa maabara, na majibu yamerudi: ni kansa. Kabla hajafuta machozi, daktari anamwambia: "Mama, hapa tunafanya utafiti. Tunazo tiba mbili, na tunataka kujua ipi ni bora. Je, ungependa kushiriki?" Mama anauliza: "Ina maana, daktari, hujui ipi itanifaa?" Daktari anajibu: "Kwa kweli, mama, bado hatujui."

Jibu hilo huwatisha wengi. Tumezoea kuamini kwamba daktari anajua kila kitu. Akisema hajui, tunadhani hakusoma vizuri, au anataka kutufanya panya wa maabara. Wengine hurudi nyumbani wasionekane tena hospitalini. Mwezi huu tunataka kueleza maana ya ombi kama hilo, faida yake, na haki za mama anayeombwa. Tutaonyesha pia kwamba mara nyingine daktari anayesema "bado hatujui" ndiye anayesema kweli.

Kwa nini tiba zilinganishwe?

Mkulima akitaka kujua kama mbolea mpya inafaa, haimtoshi kuitia katika shamba zima na kufurahia mavuno. Huenda mwaka huo mvua ilikuwa njema. Lakini akigawa shamba mara mbili, udongo ule ule na mbegu ile ile, akatia mbolea upande mmoja tu, atajua ukweli.

Ndivyo ilivyo kwa tiba. Mgonjwa mmoja akipona hatuwezi kujua mara moja kilichomponya. Huenda kansa yake ilikuwa ya pole, au aliwahi hospitali mapema. Kwa hiyo wataalamu hukusanya wagonjwa wengi na kuwagawa katika makundi mawili au zaidi kwa kura ya kubahatisha. Kura hiyo haipigwi kwa dharau. Inapigwa ili daktari, hata bila kukusudia, asiwaweke wenye nguvu upande mmoja na walio hoi upande mwingine. Tukumbuke pia kwamba katika majaribio ya tiba ya kansa, kwa kawaida mgonjwa haachwi bila tiba pale ambapo tiba inayojulikana ipo. Tiba mpya hulinganishwa na ile iliyo bora kwa wakati huo, au huongezwa juu yake.

Titi zima, au uvimbe peke yake?

Tuchukue mfano uliobadili maisha ya akina mama duniani kote. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari mpasuaji William Halsted wa Baltimore, Marekani, alieneza upasuaji mkubwa wa kansa ya titi. Alikata titi zima pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Kwa zaidi ya miaka 70 upasuaji huo ulikuwa ndio kanuni. Akina mama walibaki na kifua kilichobonyea, na wengi walivimba mkono. Madaktari waliufanya kwa nia njema, wakiamini kwamba kadiri unavyokata zaidi ndivyo unavyoponya zaidi. Lakini hakuna aliyekuwa amelinganisha ipasavyo.

Daktari Bernard Fisher wa Pittsburgh alikuwa na wazo jingine. Aliona kwamba chembe za kansa zaweza kusafiri mwilini kwa njia ya damu mapema, na kwa hiyo kukata sana kifuani hakuzizuii. Badala ya kubishana kwa maneno, aliomba jambo lilinganishwe. Mwaka 1971 yeye na wenzake walianza majaribio yaliyoingiza wanawake zaidi ya 1,600. Yalionyesha kwamba waliokatwa misuli ya kifua hawakuishi zaidi ya wale walioondolewa titi tu.

Mwaka 1976 wakaanza majaribio magumu zaidi. Wanawake wenye uvimbe usiozidi sentimita 4 waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza waliondolewa titi zima. Kundi la pili waliondolewa uvimbe tu. Kundi la tatu waliondolewa uvimbe, kisha titi likatibiwa kwa mionzi. Wote waliondolewa tezi za kwapani.

Hapo ndipo kazi ya kuwapata wagonjwa ilipokuwa ngumu. Ni mama gani angekubali kura iamue kama atabaki na titi lake? Lakini walipochunguza kwa nini wagonjwa wanaofaa hawaingizwi, waligundua kwamba tatizo halikuwa la akina mama peke yao. Madaktari wapasuaji nao waliulizwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1984. Karibu robo tatu yao walisema wanaogopa kuharibu uhusiano wao na mgonjwa. Baadhi walikiri kwamba hawapendi kuzungumza wazi na mgonjwa juu ya jambo wasilo na hakika nalo. Yaani daktari aliona aibu kusema "sijui".

Ili kupata watu wa kutosha, watafiti walibadili utaratibu mwaka 1978. Kura ikawa inapigwa kwanza, ndipo mama anaelezwa utafiti na tiba iliyomwangukia, akubali au akatae. Idadi ya walioingia iliongezeka sana. Hata hivyo utaratibu huo ulilaumiwa na wengi, kwa kuwa daktari anayejua tayari kura imeangukia wapi anaweza, hata bila kutaka, kumshawishi mama aelekee huko.

Hatimaye waliingia wanawake zaidi ya 2,000. Matokeo ya kwanza yalitolewa mwaka 1985, na mwaka 2002 yakatolewa matokeo ya miaka 20. Makundi yote matatu yaliishi sawasawa. Katika wale walioondolewa uvimbe tu, kansa ilirudi katika titi lile lile kwa wapatao 39 kati ya 100. Walioongezewa mionzi, ilirudi kwa wapatao 14 kati ya 100. Kwa sababu hiyo leo mama mwenye uvimbe mdogo, mahali ambapo mashine za mionzi zipo, anaweza kubaki na titi lake bila kupunguza maisha yake. Zawadi hiyo aliletewa na wanawake asiowajua, waliokubali kuingia wakati hakuna aliyejua jibu.

Haraka iliyochelewesha ukweli

Sasa tutazame mfano wa pili, wenye uchungu. Katika miaka ya 1980 na 1990 ilitokea tiba nyingine Marekani kwa kansa ya titi iliyosambaa au iliyo karibu kusambaa. Mgonjwa alitolewa chembe za uboho wake zikahifadhiwa. Kisha alipewa dawa kali mno za kuua kansa, kwa kiasi ambacho kingemwua, halafu akarudishiwa zile chembe ili damu yake ipate kujijenga upya. Ilionekana kama jambo la akili: dawa nyingi zaidi, kansa itakufa zaidi.

Habari zilienea upesi. Wagonjwa waliitaka, na hospitali nyingi ziliitoa. Kampuni za bima zilipokataa kulipa zikisema bado haijathibitika, zilishtakiwa. Mwaka 1993 baraza la wazee wa mahakama huko California liliamua kwamba kampuni moja ilipe dola milioni 89 kwa familia ya mama aliyenyimwa malipo hayo na ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Baada ya hapo ikawa vigumu kukataa.

Watafiti nao walitaka kulinganisha. Lakini nani aingie kwenye kura, wakati tiba anayoitaka anaweza kuipata hospitali ya jirani? Majaribio yaliyoongozwa kutoka Philadelphia yaliandikisha wagonjwa tangu mwaka 1990 hadi 1997. Waliandikishwa wanawake 553, na mwishoni 199 tu ndio waliogawanywa kwa kura kati ya tiba hiyo na dawa za kawaida. Wakati huo huo makumi ya maelfu ya wanawake walipewa tiba hiyo nje ya utafiti. Waliteseka sana, na wengine walikufa kwa tiba yenyewe na si kwa kansa.

Mwezi Mei 1999, katika mkutano mkubwa wa madaktari wa kansa huko Atlanta, matokeo ya majaribio matano yalisomwa. Manne hayakuonyesha kwamba tiba hiyo inarefusha maisha. Moja tu, la daktari Werner Bezwoda wa Johannesburg, Afrika ya Kusini, lilisema inafaa sana. Mwanzoni mwa mwaka 2000 wataalamu kutoka Marekani walikwenda Johannesburg kukagua mafaili. Waliyoyakuta hayakulingana na yaliyosomwa mkutanoni. Tena hawakuona karatasi hata moja ya ridhaa iliyotiwa sahihi na mgonjwa, wala kamati ya chuo haikuwa na kumbukumbu ya kuidhinisha tiba hiyo. Bezwoda alikiri udanganyifu akafukuzwa kazi.

Hapo tunaona mambo mawili. Watu wakikimbilia tiba mpya bila kulinganisha, ukweli huchelewa, na gharama hulipwa na wagonjwa. Na utafiti ukifanywa bila ridhaa na bila ukaguzi, huwa si utafiti tena bali ni uongo juu ya migongo ya wagonjwa.

Yanatuhusu nini sisi?

Dawa nyingi za kansa zinazotumika katika hospitali zetu zilijaribiwa hasa kwa wanawake wa Ulaya na Marekani. Waafrika walioingia ni wachache. Lakini kansa ya titi si ya aina moja. Iko aina moja kali, isiyosikia dawa za kuzuia homoni, ambayo huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika. Kama sisi hatumo katika hesabu, tutaendelea kupewa dawa zilizopimwa kwa miili ya wengine. Kwa hiyo tusikatae utafiti kwa sababu tu ni utafiti. Wala tusikubali tu kwa sababu mwenye koti jeupe ametuomba.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Mama akiombwa, aombe muda wa kufikiri, na ikiwezekana aende na mumewe, dada yake au mtu anayemwamini. Lakini uamuzi ni wake mwenyewe. Asiusemewe na mume wala na daktari. Aulize haya:

1. Utafiti huu unatafuta kujua nini? Nisipoingia nitapata tiba gani?

2. Tiba zinazolinganishwa ni zipi, na kila moja ina madhara gani?

3. Nani analipa dawa, vipimo na nauli ya kuja kliniki? Watu wengi huacha tiba katikati kwa sababu ya nauli tu.

4. Nikidhurika, nani atanitibu na kwa gharama ya nani?

5. Utafiti ukiisha na dawa ikaonekana inanisaidia, je, nitaendelea kuipata?

6. Kamati gani ya maadili imeuidhinisha, na nikiwa na malalamiko nimwone nani? Hapa Tanzania majaribio ya dawa kwa watu yanatakiwa yawe na kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Si utovu wa adabu kuuliza kama vibali hivyo vipo.

7. Je, naweza kutoka wakati wowote? Jibu lazima liwe ndiyo, tena bila kunyimwa tiba ya kawaida.

Karatasi ya ridhaa iwe katika lugha anayoielewa, na apewe nakala yake. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye mtu wa utafiti huo, ndipo atie dole gumba. Na kama anatumia dawa za mitishamba aseme bila kuficha, maana zinaweza kugongana na dawa za hospitali.

Ndugu wasomaji, turudi kwa yule mama wetu na daktari wake. Daktari aliyesema "bado hatujui" hakumdharau. Alimweleza ukweli, akamwachia uamuzi. Akikubali, atakuwa amewasaidia mabinti zake na wa jirani. Akikataa, hajatenda kosa, na anastahili tiba ile ile ya kawaida na heshima ile ile. Asilopaswa kufanya ni moja tu: kutoka pale kwa hofu na kukaa nyumbani na uvimbe wake. Kansa ya titi haingoji. Kama uko nyumbani na umeona uvimbe, ngozi iliyobonyea, au chuchu inayotoa damu, usisubiri ianze kuuma. Nenda hospitali wiki hii.